Aproni ya Wifi Yako

Dada, shikamoo.

Nashukuru kwa chumba ulichonitayarishia nihamie huko kwako. Nitakujibu, lakini kwanza nikupe habari.

Unakumbuka wifi yako alivyokuwa akinitoroka kila Jumamosi kwenda kwenye lile duka la mboga zisizopigwa dawa? Kumbe halina tajiri wala mfanyakazi! Ni ushirika, wanachama wenyewe ndio wanaopanga, kupima na kufagia, kila mmoja kwa zamu. Baada ya mazishi nilipita tu kuwaaga kwa niaba yake. Dereva mmoja mstaafu akanikatiza: "Zamu ni ya nyumba, si ya mtu. Vitunguu vinakusubiri, shemeji."

Aproni yake ilikuwa bado kwenye msumari wake. Nikaivaa, kamba zikagoma kufika mgongoni. Walicheka mpaka na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Dada, hawa ni watu! Daktari wa meno anapiga deki. Mchomeleaji vyuma anapanga nyanya utadhani mayai. Karoti zilizopinda hawatupi, wanazigombania. Mimi nilichambua vitunguu huku machozi yakinitoka, na hakuna aliyeuliza kama ni vitunguu kweli.

Jumamosi iliyofuata nilitegemea kukuta aproni mpya. Wapi! Fundi cherehani wao alikuwa ameunga kamba za ileile, pande zote mbili. Sasa zinanizunguka hadi nafunga fundo mbele.

Kwa hiyo hicho chumba, dada, kipangishe tu.

Mdogo wako,
mtu wa vitunguu