Wali wa Meneja

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Posta,
14 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu. U hali gani, na shemeji, na ule mgongo wako? Wakunga mnainama mno. Mimi mzima wa mwili. Kwingine sijui, sijisikii kitu, na hii ni wiki ya saba tangu tumzike Mama.

Kazini bado naenda. Natia soli viatu vya watu, wananishukuru, naitikia. Siku zinakwenda.

Sasa habari za Meneja, mbwa wa Mama. Ulipoandika kwamba umesoma huko kuwa nafaka hazimfai mbwa, alishwe nyama tupu, nilitii siku hiyohiyo. Wali aliozoeshwa na Mama nikauacha, nikawa namletea mapafu na utumbo kutoka buchani, pamoja na yale makopo ya nyama uliyotuma. Akanusa, akageuka, akaenda kulala mlangoni pa chumba cha Mama. Baada ya wiki tatu mbavu zote nje. Hapo nikaogopa, Dada, kwamba huyu naye nitamzika. Tangu msiba sijasikia kingine moyoni ila hofu hiyo.

Jumatatu nikambeba kwa daktari wa wanyama. Akamkagua masikio, meno, tumbo.

"Huyu mzima, ana njaa tu. Wali ulioiva na nyama yake kidogo una ubaya gani kwa mbwa mwenye afya? Nani kakukataza?"

"Dada yangu. Ni mkunga."

"Basi mwambie yeye ashike watoto, mbwa aniachie mimi."

Usininunie, nimekufikishia kama alivyosema. Na kosa si lako. Ukweli ni kwamba barua yako ilinipa afueni, maana nilikuwa natafuta kisingizio cha kutoliwasha jiko la Mama. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi kwa mkate mkavu.

Jana nilisugua sufuria, nikapika. Mkono ukapima vikombe viwili vya mchele, changu na cha Mama, kabla akili haijafika. Sikukirudisha kimoja. Meneja alikula fungu la Mama lote. Langu lilinishinda, lakini nilikaa naye sakafuni mpaka akamaliza.

Msalimie shemeji, na wale mapacha waambie mjomba anawakumbuka. Mola ailinde mikono yako kazini, akurudishe nyumbani salama kila jioni.

Makopo ya nyama usitume tena. Ukipata ruhusa, njoo wewe. Siwezi kupima kikombe kimoja.

Akupendaye sana, mdogo wako,
Kitindamimba