Taa Zisiwashwe Haraka

Jumatatu, 6 Mei

Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Kila anayepiga hodi anakuja na sifa zake za marehemu, na kazi yangu ni kuitikia. Ndiyo. Kweli. Alikuwa hivyo.

Leo wamekuja wafanyakazi wa ukumbi, sebule nzima imejaa. Jumamosi wanamkumbuka bosi wao, palepale ukumbini. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa meneja pale — sinema, maigizo, dansi, mpaka ngumi. Wanataka mjane aseme machache. Machache! Nikawaambia mimi si mtu wa maiki. Wifi yangu akadakia: atasema, kwa nini asiseme?

Mwezi sasa tangu tumzike mume wangu. Sijalia. Si hospitali, si makaburini. Wifi amelishika hilo na halimpi usingizi.

Jumanne, 7 Mei

Nimekaa niandike la kusema. Nimeandika: "Mume wangu alikuwa mtu wa watu." Nikafuta. Hao watu ndio waliokuwa naye. Mimi nilikuwa na mashati yake ya kufua na chakula kinachopoa mezani.

Majirani walikuwa wakinitania kwamba mimi ni mke mdogo, mkubwa ni ukumbi. Nacheka nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Sikukuu, yuko kazini. Binti yetu anazaliwa — yuko kazini, projekta imeleta matata. Akirudi anavua viatu mlangoni asituamshe, na mimi niko macho, namsikia. Ndoa yetu ndiyo hiyo. Mmoja ananyata, mwingine anajifanya kalala.

Hasira ninazo. Naziandika hapa maana hapa hakuna wa kuniambia marehemu hasemwi vibaya.

Jumatano, 8 Mei

Kichwa kinauma. Wifi kapiga simu: nivae gauni jeusi, tena nisisahau leso. Leso ya nini, sikumuuliza. Ananichokoza huyu.

Alhamisi, 9 Mei

Binti yangu alikuja kunisaidia kukunja nguo za baba yake. Akaniuliza mbona hajawahi kuniona ukumbini hata siku moja. Nikamwambia nilikwenda mara moja tu, yeye hajazaliwa.

Nilikuwa mchumba bado. Baba yake ndiyo kwanza kaajiriwa pale, kijana wa kazi zote. Akanikalisha mstari wa mbele kabisa, nione raha. Igizo lenyewe la mama aliyefiwa na mtoto. Nililia mimi! Kulia kwa kamasi, kwikwi na kila kitu. Pazia likafungwa, na mara — taa, pwaa! Ukumbi mzima unaniona. Walio nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akauliza huyu naye kafiwa na nani. Nikageuka kumtafuta mchumba wangu aniokoe. Huyo hapo mlangoni, mkono ukutani, meno yote nje.

Nikaapa sitakanyaga tena. Sikukanyaga. Mwanzoni akiniuliza nasema naumwa kichwa. Baadaye akaacha kuuliza.

Binti anasema labda baba alicheka kwa aibu. Mtoto wa baba yake huyo! Mimi niliyaona meno.

Ijumaa, 10 Mei

Hotuba imeisha. "Mume wangu alikuwa mchapakazi. Asanteni kwa kuja." Nimeiandika kurasa za nyuma za daftari hilihili. Inatosha. Hakuna uongo ndani yake, na hakuna kitu.

Jumamosi, 11 Mei

Naandikia ofisini kwake, nyuma ya jukwaa. Kwa tochi ya simu. 

Tulifika mchana, pamejaa mpaka ngazini. Wakatukalisha mstari wa mbele — mstari uleule! Nikajikaza. Bondia mmoja mstaafu akasema bosi alimnunulia viatu. Mama mmoja akasema mumewe alimpata hapahapa kwenye dansi, na lawama zote kwa meneja. Watu wakacheka. Mimi natazama saa.

Kisha akapanda mtu wa taa. Kibiriti wanamwita, mrefu, mwembamba, kichwa kidogo. Akasema bosi alikuwa na sheria moja isiyo na mzaha: shoo ikiisha, taa zisiwashwe haraka. Watu waachwe gizani kidogo wafute machozi. Hata kwenye vichekesho. Hata kwenye ngumi! Watazamaji wanapiga kelele taa, taa, yeye anasema ngojeni. Kibiriti aliwahi kumwuliza, bosi, kichekesho nacho nani analia? Akamjibu, wewe unajua mwenzio kaja na nini moyoni?

Siku nyingine Kibiriti akambana amwambie sababu. Bosi akasema kulikuwa na binti mmoja, yeye mwenyewe alimwashia taa akiwa analia. Alikuwa na haraka ya kumwona uso. Alisimama pale kwenye swichi anachekelea kwa furaha tu, hajui kama kaharibu. Binti yule hakurudi tena. Na yeye hakupata la kumwambia.

— Akirudi je, bosi?

— Akirudi, safari hii taa zitamngoja.

Kibiriti hakujua binti yule kakaa mbele yake, miguuni pake pale.

Wakaniita mimi. Nilipandaje zile ngazi, sijui. Nikafungua daftari. "Mume wangu alikuwa..." Basi. Ikanitoka kwikwi ileile, ya ujana, ikapita kwenye maiki, spika zote zikaitangaza. Ee Mungu wangu! Mtu mzima, mbele ya halaiki. Nikangoja kicheko.

Taa zikazimika. Zote, pu!

Kibiriti na mazoea yake. Hakuna aliyepiga mluzi. Nikasikia sauti ya wifi yangu gizani, nzito, naye analia: mwacheni, mwacheni wifi yangu alie. Binti akanishika mkono akanileta humu.

Miaka yote ile, mume wangu. Si ungesema tu? Na mimi si ningeuliza? Wapumbavu wawili, kitanda kimoja! Nakupenda na nina hasira na wewe, na sina mahali pa kuvipeleka vyote viwili.

Ukumbi mzima bado umekaa gizani. Nawasikia nyuma ya ukuta, kikohozi, kiti kinalia, mtoto anabembelezwa. Hakuna anayetoka. Kibiriti kaja mlangoni, kauliza kwa sauti ya chini: mama, niwashe? Nimemwambia bado. Kasema haya mama, sheria ya bosi ni hiyohiyo.

Leso niliiacha nyumbani makusudi, kumkomoa wifi. Koti la mume wangu linaning'inia hapa nyuma ya mlango. Nafutia mkono wake.

Kibiriti anagonga tena, taratibu.

Bado, mwanangu. Bado nafuta —