Stensili Niliyosahau Kuichoma

Muleba, Jumatano jioni

Wewe utakayefungua daftari hili, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja, awe ndugu yangu au nani, ila yule nitakayekutajia mwishoni.

Nilisahau kuichoma. Mwalimu wa Chuo Kikuu aliyetuletea mashine ya kurudufu alituonya: gazeti la kijiji likishatoka, stensili zote, zile karatasi za nta tunazochapia, zichomwe. Mimi yangu niliitupa kapuni.

Leo Ndugu Katibu wa kijiji ameiokota, akaiinua dirishani na kuisoma yote: habari ya mjane aliyefukuzwa kwenye kibanja, shamba lao la migomba, mumewe alipokufa kwa Juliana, ugonjwa huu unaotumaliza. Aliyemfukuza ni Katibu mwenyewe, shemeji yake.

"Nani kachapa hii humu ofisini kwangu?"

Mzee Rwegasira, tarishi wetu, akajibu, "Mimi. Nilikuwa najifunza."

Wenzangu, ambao humwita Tata, yaani baba, wakacheka. "Wewe Tata, hata muhuri unaugonga kichwa chini!"

"Vizuri," akasema Katibu. "Kesho utachapa mbele yangu."

Mwana wa Mzee Rwegasira hakurudi kutoka vitani Uganda, na wajukuu wanamtegemea yeye. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini alijitwika kosa langu. "Wewe endelea kuandika," alisema. "Mimi nimezoea kufokewa."

Naogopa. Lakini kesho nitawahi kukaa kwenye taipureta kabla ya Mzee, na Katibu akiingia nitamwambia ni mimi.

Ukikuta kiti changu kitupu, usiulize ofisini. Panda gari hadi Bukoba, ufike Hamugembe kwa dada yangu, fundi cherehani. Pita mlango wa nyuma, useme umetumwa na Tata Rwegasira, umpe daftari hili.