Sauti ya Chini: kwa Mwalimu Anaclet Mwenze

Mwaka mmoja umetimia juma hili, Baba Régine, tangu ulipotuachia nyumba ya Katuba na baritoni yako, tarumbeta kubwa ya sauti ya chini, ukutani, ndani ya mfuko wa kitambaa cha godoro alioushona Mama. Kwa miezi mingi hakuna aliyeugusa. Donat, kitinda mimba wako, alikuwa akipita mbali nao kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Kabla ya kila safari ulipaka rangi viatu vyako, kisha vya watoto ambao kwao hakuna rangi. Ulikuwa na limau mfukoni. Ulilikata mbele ya wapuliza tarumbeta wa orkestra yako ya watoto, katikati ya mazoezi, ukalila polepole, nao mate yakiwajaa mdomoni wakashindwa kupuliza. "Atakayeweza mbele ya limau," ulisema, "ataweza mbele ya Gavana."

Hukumpiga mtoto hata mmoja. Ulikuwa na mdomo tu.

"Kasonde, ile ni tromboni ao ni ng'ombe banamuchinja?"

"Ni ng'ombe, Mwalimu."

"Basi umumalize haraka, asiteseke."

Ulizaliwa upande wa Kongolo, mtoto wa mtu wa reli, na labda ndiyo sababu hukuona treni kuwa kitu cha kuogopwa. Wengine katika cité, mtaa wetu wa Waafrika, walipeana mikono ya kuagana na jamaa zao kana kwamba Jadotville ni ng'ambo ya dunia. Wewe uliwachukua watoto wa watu, wavulana wa vyombo vya shaba na ngoma, wasichana wa filimbi, ukawapeleka Jadotville, Kambove, mara moja hata Kamina, wakapige muziki mbele ya watu wasiowajua. Na wazazi walikupa kwa sababu uliwarudisha.

Uliwarudisha kwa kuitana. Wasomaji ambao hawakusafiri nawe tuwaeleze. Treni ilipotaka kuondoka, Mwalimu hakutazama vichwa. Alifumba macho akatoa noti moja ya chini kwenye baritoni yake. Kila mtoto akajibu kwa noti yake mwenyewe, ile aliyopewa siku ya kwanza, mmoja akipanda juu ya mwenzake, kuanzia tromboni ya Kasonde hadi filimbi ya Adija iliyokuwa juu ya zote. Asiyekuwapo aliacha pengo. "Kuna pengo," alisema akiwa bado amefumba macho. "Mulenga iko wapi?" Na kweli, Mulenga alikuwa bado ananunua karanga.

Mliporudi mliitana madirishani, kabla treni haijasimama. Pale stesheni akina mama walinyamaza, kila mmoja akisikiliza noti ya mtoto wake. Mama Régine alisikiliza ya chini.

Mwaka jana mlikwenda Kambove kwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, anayeombwa na wachimba madini. Adija alikuwa kati yenu, binti wa Feruzi fundi cherehani, Waislamu wa watu wa Maniema. Uliwaahidi wazazi wake kwamba atapata nafasi ya kuswali, na ukampa. Mchana, mlipomaliza kupiga, mbingu zikawa nyeusi ghafla, mvua ikamwagika mkakimbilia chini ya paa la ghala. Ukaitisha kuitana. Pengo lilikuwa juu kabisa.

Adija, wenzake walisema, alikuwa amerudi kuchukua mtandio aliousahau ukumbini, akapita njia ya mkato, ile inayozunguka shimo la zamani la shaba. Sasa maji yalikuwa yakikimbia juu ya njia na hakuna aliyeiona.

Régine, binti yako, alikuwa na wewe. Alifungua kinywa amwite Adija, sauti isitoke. Wewe ukatoka kwenye mvua na baritoni yako, ukasimama juu ya ukingo wa shimo, ukapuliza noti yako ya chini. Ukanyamaza. Ukapuliza tena. Radi zilikuwa zikipiga vilima, nawe umekumbatia shaba kifuani. Kila umeme ulipowaka Régine alifumba macho, kisha akafumbua kuona kama bado umesimama. Hakujua amwogopee nani kwanza, mtoto au baba yake.

Hatimaye, kutoka chini upande wa kushoto, ikaja filimbi. Nyembamba, ikikatika.

"Usitembee!" ulipiga kelele. "Upulize tu! Miye ndiye nakuja!"

Ukaifuata sauti ile kwa magoti na kwa mikono, ukarudi naye mgongoni, wote wawili wekundu kwa tope. Adija alikuwa amekaa kwenye kidato cha udongo kisichotosha mbuzi, na mtandio ameubana kwa magoti.

Siku mliyorudi ulikuwa umelala kwenye benchi la behewa, homa inakutetemesha, watoto wakaitana bila wewe. Mama anasema alijua palepale, kabla treni haijasimama. Mama Adija alikuwa akishangilia filimbi yake, na Mama amesimama karibu naye akingoja sauti ya chini, na sauti ya chini haikuja. Nimonia haikukupa hata juma.

Tangu hapo tumeishi kwa woga, Baba, na hatuoni haya kukuambia. Mama akisikia honi ya treni anaketi. Donat akichelewa kurudi kutoka shuleni, kaka yake Faustin anatumwa njiani kumtafuta, naye Faustin akichelewa, Mama mwenyewe anatoka. Lakini aliyeogopa kuliko sisi sote ni Régine. Unamjua. Masista walimfundisha ualimu vizuri, akapata diploma yake, lakini sauti yake haivuki benchi la pili. Ulikuwa ukimtania: "Régine anafundisha kwa siri."

Basi Padri alipokuja mwezi wa kumi na kusema kwamba watu wa Kambove wanaiomba tena orkestra, na kwamba hakuna anayewajua watoto kama Régine, basi awaongoze yeye, Régine alitazama miguu yake mpaka Padri akaondoka.

Wazazi wakaja uani kwetu. Baba yake Kasonde alisema orkestra ife, inatosha. Wengine walisema Mwalimu hangependa ife. Mama Adija alikuwa amekaa kando, kitenge kimefunika mdomo. Mwishowe alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Régine, ambaye siku hizi wanamwita Mamuzeli kama walimu wote wasioolewa.

"Mamuzeli, baba yako alinirudishia mutoto, akakufa. Sasa weye utanirudishia na nini? Na kale kasauti kako?"

"Mi naogopa, Mama," Régine alisema.

"Unasema nini? Siko nasikia."

"Mi naogopa."

Mama Adija alisogea karibu.

"Hata miye. Basi tuko babili." Akavuta kitenge. "Mutoto analia toka juzi, anataka kwenda. Umupeleke. Lakini siku ya kurudia miye sitatazama madirisha, unasikia? Moyo haitaweza. Nitasikiliza tu. Nikimusikia, nitageuka."

Asubuhi ya safari Mama aliutoa mfuko ukutani, akaupakia pamoja na mizigo. Hakueleza. Alisema tu, "Isibakie peke yake."

Stesheni Régine hakuitisha kuitana. Alihesabu watoto kwa kidole. Polisi alipokuja kukagua ruhusa za kusafiri, alimpa karatasi zote kichwa chini, naye polisi akamwuliza kama ni mgonjwa. Akahesabu tena treni ilipoondoka. Akahesabu kila iliposimama, akahesabu hata kati ya vituo ambako mtu hawezi kushuka ila aruke. Mpaka Mulenga akasema, "Mamuzeli, tutakwisha kwa kuhesabiwa." Wote wakacheka isipokuwa yeye. Aliogopa kuitana, Baba. Aliogopa masikio yake mwenyewe.

Walipiga vizuri Kambove. Wachimba madini waliuliza habari zako, walipoambiwa walivua kofia. Halafu, wakati watoto wanafunga vyombo chini ya paa lilelile la ghala, upepo ukageuka. Régine aliinua macho na kuona wingu linashuka juu ya vilima, jeusi kama mwaka ule. Mvua ikaja kwa kishindo, mchana ukazimika. Hakuviona tena vichwa. Aliona vivuli tu, vinasogea, vinapishana, na kila alipofika katikati ya hesabu kivuli kimoja kilihama.

"Muitane," alisema.

Hawakusikia.

"Muitane!"

Kasonde alikuwa akingoja kitu, kisha akaacha kungoja, akapuliza. Mwingine akapanda juu yake, na mwingine, na mwingine, hadi filimbi ya Adija. Na Régine akasikia pengo. Hakuwa na shaka.

"Kuna pengo! Nani haiko? Nani ametoka?"

Akaingia kati yao gizani akiwashika nyuso mmoja mmoja, akitaja majina. Kasonde. Mulenga. Annie. Bahati. Alimshika Adija mara mbili. Wote walikuwapo, na bado alikuwa akisema kuna pengo, kuna pengo, mtoto mmoja mdogo akaanza kulia kwa kumwogopa.

"Mamuzeli." Adija alimvuta mkono. "Sisi wote tuko. Ile ni ya Baba Mwalimu."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha Kasonde akaenda kwenye mizigo, akaleta mfuko wa kitambaa cha godoro, akauweka miguuni pa Régine kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

Ni wewe uliyemfundisha kuipuliza, jikoni, amekaa juu ya kigoda, mlango umefungwa, kwa sababu siku zile hakuna aliyempa msichana chombo cha shaba. Lakini alikuwa hajapuliza tangu alipokwenda kwa Masista. Alishika baritoni yako, akapuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuaibisha.

"Mamuzeli," Kasonde alisema polepole, "ni ng'ombe."

"Umumalize haraka, asiteseke!" walisema watoto wote kwa pamoja, na gizani pale, radi zikiwa juu ya vichwa vyao, wakacheka mpaka yule mdogo akasahau kulia. Régine akapuliza tena. Noti ikaja. Haikusimama imara, lakini ilikuwa yako, na juu yake wakapanda wote.

Tungependa kukuambia kwamba woga ulimtoka. Haukumtoka. Ulirudi naye kwenye treni, ukakaa naye kwenye benchi lile ulilolalia wewe. Alihesabu Jadotville, akahesabu baada ya Jadotville.

Elisabethville akina mama walikuwa wamesimama kama kawaida. Mama Adija alikuwa ameipa reli mgongo, uso umeelekea ukuta, mkono wake umeushika mkono wa Mama. Honi ikalia na Mama hakuketi. Halafu, kutoka dirishani, kabla behewa halijaonekana vizuri, ikaja sauti ya chini.

Mama alishika kifua.

Tromboni ikafuata, tarumbeta zikafuata, akina mama wakaanza kulia na kucheka kila mmoja kwa zamu yake. Filimbi zikapanda. Ya juu kabisa ikachelewa. Mama Adija alikuwa ameubana mkono wa Mama hata leo alama zipo, na alikuwa akisema kwa pumzi, "Mutoto yangu, mutoto yangu, upulize." Adija anasema alikuwa amepaliwa na moshi wa treni. Kisha ikaja, safi, juu ya zote, na Mama Adija akageuka.

Mama hakusogea. Alikuwa bado anasikiliza kule chini.

"Inatetemeka," alisema.

"Acha itetemeke, dada," Mama Adija akamwambia. "Iko."

Wanaokukumbuka: mke wako Brigitte, watoto wako Régine, Faustin na Donat, dada yako Albertine wa Kongolo, Feruzi na Mama Adija na nyumba yao yote, pamoja na vijana wa orkestra yako, ambao wote wamerudi. Baritoni imerudi ukutani, nje ya mfuko wake. Kila tutakapoitana, Baba, tutaanza na wewe.

Katuba, Elisabethville, Desemba 1957