Chembe Zilizokataa Kufa

Jumanne, 5 Agosti 1997
Shadya kapiga simu dukani kwa Hezron! Majibu ya kile kinyama walichonikata titini yametoka. Laini inakwaruza, nimeambulia maneno machache tu: mama, chembe zako zimekataa kufa— Ikakatika. Zimekataa kufa! Alhamdulillahi! Mwanangu anasomea udaktari Dar, hawezi kukosea. Nimefunga meza yangu ya mitumba mapema, nikapika pilau. Majirani wote wa Ibighi wamekula. Atuganile, mwenzangu wa sokoni anayeuza ndizi, kala sahani mbili.

Alhamisi, 7 Agosti
Shadya kashuka kwenye basi macho mekundu. Kumbe ni kansa.
Kaniketisha jikoni. Anasema chembe za mwili huambizana mambo, na wajumbe wao ni protini. Nikauliza, hizi za maharage? La, nyingine. Chembe ikiharibika huambiwa basi, zamu yako imekwisha, nayo hujimaliza yenyewe, kimya kimya. Zangu zimetia pamba masikioni. Haziambiliki, zinazaana tu.
Yaani nimeipikia kansa pilau! Nimecheka mpaka Shadya kakasirika. Kisha nikalia. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Titi lote litolewe, anasema Shadya. Baba yake anataka tungoje, eti kuna mzee Kyimo ana mizizi. Nimemwambia: sikio la kufa halisikii dawa, baba Shadya, na langu linasikia vizuri! Viziwi ni hizo chembe, si mimi.

Alhamisi, 28 Agosti. Mbeya
Limetoka! Daktari anasema kwapani hakukuta kitu, kansa haijasambaa. Kidonda kinachoma, mkono haupandi. Lakini nipo! Watoto wanne limenyonyesha, kazi yake limemaliza. Nimeshinda mimi!

Jumatatu, 15 Septemba
Atuganile kaja asubuhi na mkungu wa ndizi. Kaomba aone kovu. Nikamfunulia. Kalitazama weee, halafu kauchukua mkono wangu, kautia chini ya kitenge chake. Bonge gumu, kama kokwa. Tangu mwaka jana! Hajamwambia mtu, hata mumewe.
Nikamwambia leo leo, Mbeya. Anasema kesho, mama Shadya, ndaga, asante, ila nikienda leo ndizi zangu zitaiva. Ziive!
Baba Shadya mwenyewe kakimbia kutafuta gari. Nami nimeburuta kigoda mpaka mlangoni, nimekaa, naandika. Atuganile kasimama nyuma yangu, anasema nimpishe. Simpishi. Sasa ananisukuma bega, lile zima—