Samaki Wazima wa Ziwa Lile

Uswidi, Oktoba 2025. Ni miaka arobaini na mmoja tangu niondoke Mtwara, na thelathini na minane tangu wewe uondoke hapa.

Mama Somoe mpendwa,

Somoe alinipigia simu Ijumaa. Alinisalimu, akanieleza habari za korosho za Nanyamba. Mwisho akasema, "Baba, eda ya mama ya kufiwa imekwisha. Anauliza kama utarudi."

"Kakutuma?"

"Hajanituma. Lakini anauliza."

Swali hilo si la kujibiwa kupitia kwa mtoto. Na kwa kuwa watu wa kwetu mpaka leo wanakusema kwamba ulimkimbia mume, naliandika jibu langu hadharani, nao walisome.

Unaikumbuka mvua ile ya Aprili? Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilikuwa kimelipuka, mbali sana na sisi, upepo ukaleta vumbi lake mpaka huku, na mvua ikalishusha juu ya misitu na maziwa. Redio ilisema hivyo. Sisi tuliona mvua tu. Ulianua nguo, ukalalamika kwamba nchi hii haina jua la kukausha hata kitambaa cha kichwa.

Mwaka uliofuata ulishika mimba, na hamu yako yote ikawa samaki. Bi Karin, mjane jirani yetu, alikuwa akivua ziwani nyuma ya nyumba na kutuletea ndoo. Ulikuwa ukiwabanika, ukawapaka tui la kopo, ukilaumu kopo. Niliporudi kutoka kwenye kiwanda cha karatasi nilikuwa nikikukuta umejaza sahani ya pili. Nilipokuambia kwamba magazeti yanawatilia shaka samaki wa maziwani, ulimnyanyua mmoja kutoka kwenye ndoo, akakurushia maji usoni.

"Mwangalie anavyopiga mkia! Huyu kala sumu gani? Samaki wa sumu si analewa?"

Ulikuwa unasema unachokijua. Kijijini kwenu, kando ya Ruvuma, juu kidogo ya pale maji ya chumvi yanapokomea, mto ukipungua uliacha madimbwi. Bibi yako na wanawake wenzake walitwanga majani ya utupa, wakayatia humo, na baada ya muda perege na kambale wakapanda juu wamelewa, matumbo yakiangalia mbingu. Siku hizi ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Ila ninyi mliwaokota, mkawapika, mkala, wala hakuna aliyeumwa tumbo. Kwa hiyo kwako sumu ilikuwa kitu kinachomwangusha samaki na kumwacha mlaji salama. Nami nimelelewa mjini. Nilicheka, nikasogeza sahani yangu.

Kisha Bi Karin akapeleka samaki wake kupimwa. Alirudi kwetu mvua ikinyesha, akakataa kuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema kwamba wamevuka mbali kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa. "Msiwale tena," akasema, halafu akalionyesha tumbo lako kwa kidole. "Wewe hasa." Machozi yalikuwa yakimtoka, maana ndoo zote zilikuwa zake.

Nilikufasiria, ukauliza, "Hiyo sumu ina harufu?"

"Haina."

"Rangi?"

"Haina."

"Na samaki mzima, anaogelea. Basi hilo jini, bwana. Mwanangu nimemlisha jini."

Nikakueleza nilichosoma: vumbi limeingia ziwani, vidudu vya majini vimekula, samaki wadogo wamekula vidudu, wakubwa wamekula wadogo. Daktari naye alisema hatari kwa mtoto ni ndogo mno. Wewe ulisikia kwamba ipo. Uliacha samaki, ukaacha maziwa ya ng'ombe, ukaacha matunda ya msituni. Ulichemsha maji mara mbili, nami nikakwambia kwamba kuchemsha hakuondoi mionzi. Ilikuwa kweli, na ndiyo kauli iliyokuudhi kuliko zote.

"Wewe unasoma," ulisema. "Mimi ndiye ninayebeba."

Uliondoka mimba ikiwa ya miezi sita. Kwenye uwanja wa ndege hukulia. Ulinikumbusha nisizime jiko kwa maji. Nilibaki, kwa sababu mkataba wa kazi ulikuwa haujaisha na kwa sababu niliamini daktari. Ilipofika simu ya maandishi ya posta, "MTOTO WA KIKE MZIMA", nilikaa sakafuni na koti langu. Lakini hata hapo hofu haikuondoka. Kila Somoe alipopata homa uliniandikia, nami huku nilikosa usingizi kwa malaria yake ya kawaida.

Ukaniuliza kwa barua, unakuja lini? Nikakujibu kwamba vipimo vya ziwa vinashuka, na kwamba wewe ndiye uje. Ukaniuliza tena. Nikajibu vile vile. Mara ya tatu uliomba talaka, nikakupa. Uliolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu, akamlea binti yangu kama wake.

Sasa wasikie wanaokusema. Hukunikimbia. Ulikuwa na mtoto tumboni na adui usiyemwona; mama yeyote wa Ruvuma angekwenda anakoyajua maji. Nami sikukutelekeza. Daktari alisema mtoto atazaliwa salama, na alizaliwa salama. Waliokosana hupatana, mama Somoe. Lakini sisi hatukukosana; kila mmoja alikuwa na haki yake, na sijui ni nani kati yetu angeanza kumwomba mwenzake radhi. Tungekaa barazani wazee wawili, tunakunywa chai kwa adabu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Adabu ya namna hiyo sitaki kukuletea nyumbani kwako.

Ule msingi wa nyumba mliouchimba kule Mtawanya kwa jina langu, Somoe aujenge uwe wake. Na wakikuuliza kwenye harusi za watu baba Somoe anakuja lini, usiwaambie tena "mwakani". Umelisema neno hilo kwa heshima yangu miaka mingi, na nakushukuru kwa kila mara.

Uishi kwa amani, wewe na binti yetu. Mimi sitarudi.

Baba Somoe