Kostime ya Baba Mukubwa

Likasi, siku ya yenga, Jumapili

Baba yangu mupendwa,

Muko namna gani kule Kasenga? Mugongo ya Mama ilipona? Minye niko muzima, lakini roho inachemuka. Unisamehe maandiko mubaya: kuandika nilijifunza mwenyewe, na leo ninaandika mbio na kasirani.

Yaya yako, ule alikutangulia kuzaliwa, Baba Mukubwa, anakufa. Sisemi "anagonjwa". Anakufa! Hopitali ilimurudisha ku nyumba juu dawa haiko. Mwenyewe anajua. Juzi aliniambia: "Mwansa, toa kostime yangu, koti na suruali, piga pasi. Nitaenda nayo."

Sasa Mama Odette, mukubwa wa chumba ya maombi ya hapa mutaani, akaingia na batu yake. Kuona kostime ku kitanda: "Hii inaita kifo!" Bakaisukuma mu mufuko. Kisha bakamuzunguka: "Papa, sema: nimepona! Kwa nguvu!" Pumuzi haiko, maskini: "Ni... me..."

"Mumuache!" nikasema.

"Weye katoto," Mama Odette akaniambia, "uko na imani?"

"Minye niko na masikio, Mama! Anataka kusema kitu, na munamufunika na makelele!"

Nikabafungulia mulango. Balitoka, bakiendelea na kuimba.

Hakuna mutu alimuuliza kama yuko na woga. Minye nilimuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Kidogo. Unishike mukono."

Nikamushika. Kisha nikatoa kostime mu mufuko, nikaipiga pasi ya makala ya moto. Akacheka: "Mu suruali hii sasa tunaingia babili, minye na ugonjwa!" Akacheka mpaka akalia. Akasema mama yenu alipokufa, hakuja kumuzika juu ya kuona haya: kazi ilikuwa imekwisha, hakuwa na kitu ya kuleta. Anataka kukuomba musamaha uso kwa uso. Hapana mu barua.

Na weye, Baba, ninakukasirikia pia! Niliandika mara tatu, ukajibu: "Nitamuombea." Maombi iko mingi huku, inajaa nyumba! Panda kamiyo, ile lori ya samaki, ukuje.

Kostime ile, alikuazimisha siku ya ndoa yako. Anasema ukifika, atakuvalisha yeye mwenyewe, ikuwe yako. Yeye akikufa, tumufunge na shuka. Usipofika, tutamuzika nayo. Iko ku kiti, karibu na mulango. Kamiyo ikipita, anauliza: "Ni yeye?"

Salimia Mama, dada yangu mukubwa na bana bake, na jirani yetu mwenye kushona nyavu.

Ni minye, mutoto wako asiyejua kunyamaza,

Mwansa

Kamiyo ingine imepita sasa hivi. Ameuliza.